Mbwa wa mwaka wa tetemeko: historia ya baridi yabisi kwa mbwa wetu

Umewahi kumtazama mbwa mzee akiamka asubuhi? Kama unaye nyumbani, mtazame kesho kabla hujampa chakula.

Mimi nilimtazama Jeki. Jeki ni mbwa wa babu yangu kule Izimbya, Bukoba Vijijini, na ni mmoja wa mbwa wachache wa kijijini ambao umri wao naweza kuutaja bila kukisia. Alikuwa bado ananyonya alasiri ile ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoangusha nyumba Bukoba na vijiji vyake. Kwetu hakuna anayeandika siku ya kuzaliwa ya mbwa, ila tetemeko hakuna anayelisahau. Kwa hiyo Krismasi ya 2024 nilipokwenda nyumbani, Jeki alikuwa amepita miaka minane.

Alikuwa amelala chini ya mkahawa, pembezoni mwa kibanja. Nilipomwita alisukuma mkia tu. Halafu akainua miguu ya mbele, akatulia. Akaivuta ya nyuma, mmoja kwanza, wa pili baadaye, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Akaja akichechemea. Baada ya hatua kama ishirini mwendo ukalainika, ungedhani hana tatizo.

“Amezeeka,” Babu akasema. “Mbwa akizeeka ndivyo alivyo.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba jirani ameahidi kuja kumsaidia wiki ile ile. Kama umekulia kijijini, najua huhitaji kuelezwa “kumsaidia” kuna maana gani.

Sasa, mimi ndiye msomi wa wanyama katika familia, japo utafiti wangu ni wa kupe na ng'ombe. Nikafanya wanachofanya wengi: nikaingia ndani, nikafungua begi, nikatoa kidonge cha kutuliza maumivu nilichokuwa natumia mwenyewe. Hicho kidonge nitakirudia, maana ndicho kilichonifanya nianze kusoma historia hii yote.

Tuanze na jina. Mswahili magoti yakimkaza asubuhi husema ana baridi yabisi. Tunalitamka kila siku bila kulitazama. Baridi unaijua. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Jina la ugonjwa, basi, ni “baridi na kavu”, na hapo hakuna habari za hali ya hewa. Ni nadharia nzima ya tiba iliyokunjwa ndani ya maneno mawili.

Nadharia hiyo ni ya Wagiriki wa kale, na aliyeipanga vizuri kuliko wote ni Galen, tabibu wa karne ya 2. Alifundisha kwamba mwili una maji ya aina nne: damu, ambayo ni moto na yenye unyevu, kohozi, baridi na lenye unyevu, nyongo ya njano, moto na kavu, na nyongo nyeusi, baridi na kavu. Moja likizidi, mtu anaugua. Karne ya 9 vitabu vya Galen vilifasiriwa Baghdad na Hunayn ibn Ishaq na wenzake, karne ya 11 Ibn Sina akaviweka ndani ya kitabu chake kikubwa cha tiba, na elimu hiyo ikafika pwani yetu pamoja na biashara, dini na maandishi ya Kiarabu. Mpaka leo utasikia wazee wa Mombasa na Unguja wakisema chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, hata kama vyote vimetoka jikoni vinafuka moshi. Kiswahili kilipopanda bara, jina likapanda nacho. Ndivyo mzee wa Kihaya, ambaye nyumbani anazungumza Kihaya, akienda kwa daktari anautaja ugonjwa wake kwa nadharia ya Galen!

Nalipenda jina hili, ila lina hasara yake: linamtaja mhalifu. Ukishaambiwa kosa ni la baridi, utamsogeza mgonjwa karibu na moto na kudhani umemaliza kazi. Ni kweli kwamba asubuhi ya mvua kiungo kibovu hukaza zaidi, wagonjwa wenyewe wanasema hivyo. Lakini baridi haikukiharibu.

Kinachoharibika ni hiki. Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo zimevikwa gegedu, ile tabaka nyeupe inayoteleza unayoiona ukivunja paja la kuku. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo likijeruhiwa haliponi kama ngozi. Likilika, vipande na kemikali zake huuchokoza utando wa ndani wa kiungo, utando unavimba, ute unaolainisha unapungua nguvu, na mfupa ulio chini unajibu kwa kuota vijiti vidogo pembeni. Mnyama akiumwa anautumia mguu ule kidogo, misuli inasinyaa, na kiungo kinazidi kukosa kitu cha kukishikilia. Ni mzunguko. Mbwa, farasi, binadamu, wote mzunguko ni mmoja.

Basi mbona karibu hakuna aliyeandika juu ya mbwa wetu? Nilipoanza kutafuta nilidhani nitakuta angalau ukurasa mmoja kuhusu mbwa mzee wa Kagera. Sikukuta, na sababu haikunichukua muda kuielewa.

Mbwa mwenyewe yupo katika historia ya upande huu wa Ziwa, tena kwa heshima. John Hanning Speke, aliyepita Karagwe mwishoni mwa 1861 na kufika kwa Kabaka Mutesa Februari 1862, aliandika kuwa mbwa alikuwa mojawapo ya alama za ufalme wa Buganda, pamoja na mkuki, ngao na mwanamke. Babu yangu anasimulia mbwa wa kuwinda kwenye rweya, yale majani mafupi kati ya vijiji, wakivishwa njuga ili wawindaji wajue walipo. Na asili yao ni ya kale kweli: mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Adam Boyko walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, wakaona mbwa wa Uganda kwa sehemu kubwa ni wa asili ya Afrika, hawakutokana na mbwa walioletwa na Wazungu. Izimbya na Uganda ni jirani. Ukimwona mbwa wa rangi ya kahawia, masikio yamesimama nusu, mkia umejikunja, usimwite takataka. Ukoo wake ni mrefu kuliko wa Jemani Shepadi, aliyeanza kusajiliwa mwaka 1899.

Tatizo ni kwamba mbwa wetu hakuishi akazeeka. Utafiti wa Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta karibu nusu ya mbwa wa vijijini hawajatimiza mwaka mmoja, na dume aliyezaliwa siku ile angetarajiwa kuishi wastani wa miaka 3.5, jike 2.4. Rudia kuisoma hiyo namba. Ugonjwa unaokuja polepole, unaohitaji miaka sita au minane ili ujitokeze wazi, hauwezi kuwa na historia mahali ambapo mbwa wengi wanakufa kwa chui, gari, sumu, homa au njaa kabla ya mwaka wa nne.

Halafu kuna suala la nani alikuwa akimwangalia. Shule ya kwanza ya madaktari wa mifugo, Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, ilianzishwa kwa ajili ya farasi na ng'ombe. Maabara ya Mpwapwa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, ilikuwa ya mifugo ya kiuchumi. Mbwa wa Tanzania alipoingia kwenye sayansi, aliingia kama mshukiwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua simba wa Serengeti, karibu theluthi moja ya wote, na macho yakageukia mbwa wa vijiji vya pembeni. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu takribani 1,500 kila mwaka Tanzania. Kuanzia 1996 walikuwa wameshaanza kuchanja mbwa wilaya ya Serengeti, na watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua. Kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini angalia: mbwa anapimwa kwa hatari aliyo nayo kwa simba na kwa mtu. Magoti yake hayamo kwenye fomu.

Na hapo ndipo ninapoona kinaya. Mbwa anayechanjwa anapata nafasi ya kuzeeka. Jeki alichanjwa kila kampeni ilipopita kijijini, Babu hakukosa hata moja. Ndiyo maana amefika miaka minane, na ndiyo maana tuna tatizo ambalo babu yake Babu huenda hakuwahi kuliona.

Elimu ya viungo vya mbwa ikatokea mbali, kwa watu waliokuwa na mbwa wa gharama. Mwaka 1935 daktari wa mifugo wa Boston, Gerry Schnelle, alieleza mbwa mwenye nyonga zisizokaa vizuri kwenye shimo lake. Kichwa cha mfupa wa paja kinacheza, kinasugua, na mwisho ni baridi yabisi. Mwanzoni ilidhaniwa ni ajabu ya mbwa mmoja mmoja. Baadaye eksirei zikaonyesha imejaa kwenye koo za mbwa wakubwa waliozalishwa kwa kuchaguliwa. Mwaka 1966 John Olin, tajiri wa viwanda vya bunduki na risasi, baada ya kuona mbwa wake wa kuwindia wanalemaa, alianzisha taasisi ya kukagua eksirei za nyonga kabla mbwa hajazalishwa. Sayansi ya nyonga za mbwa ilisukumwa na uwindaji wa matajiri, tusifichane.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni mwepesi kueleza. Mwaka 1987 kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina ilichukua Labrador 48, ikawapanga wawili wawili kutoka tumbo moja. Mmoja akala kipimo cha kawaida, mwenzake akapewa robo pungufu, maisha yao yote. Matokeo yalichapishwa 2002: waliokula pungufu waliishi nusu yao mpaka miaka 13, wenzao miaka 11.2, na baridi yabisi iliwachelewa sana. Ndugu wa damu moja, tofauti ni sahani tu.

Ukisoma hayo ukiwa Izimbya unaweza kucheka. Mbwa wetu hakuhitaji mtafiti wa kumpunguzia chakula. Ni kweli, Jeki unamhesabu mbavu, na nyonga zake huenda ziko sawa kabisa kwa kuwa hakuna aliyemzalisha kwa kuchagua umbo. Yeye tatizo lake lilianza mwaka 2019, alipogongwa na bodaboda kwenye goti la nyuma la kushoto. Alichechemea wiki tatu, akapona, tukasahau. Kumbe goti halikusahau. Kiungo kilicholegea kwa ajali hulika polepole kwa miaka, na hii ndiyo njia ambayo mbwa wa kienyeji anapata ugonjwa: pikipiki, panga, mtego wa waya. Mbwa wa mjini Bukoba anayefungwa getini na kulishwa wali wa jana mpaka anakuwa kama pipa, yeye ndiye ndugu wa Labrador wa Purina.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi, kwamba anaumwa au amezeeka tu.

Hili swali lina historia ya aibu. Karne ya 17 wafuasi wa René Descartes walishikilia kwamba mnyama ni mashine, na kilio chake hakina tofauti na mlio wa mtambo uliokosa mafuta. Utadhani fikra hizo zilikufa zamani. Hapana. Mwaka 1979 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilitoa tafsiri rasmi ya maumivu, na tafsiri ile iliyategemea sana maelezo ya mwenye kuumwa. Asiye na maneno, awe mtoto mchanga au mbwa, akabaki mlangoni. Mwanafalsafa Bernard Rollin alipigana miaka mingi Marekani mpaka mwaka 1985 sheria ikadai wanyama wa maabara wadhibitiwe maumivu. Tafsiri yenyewe ilirekebishwa mwaka 2020, ikakiri wazi kwamba maneno ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu, na kwamba kutoweza kusema hakumaanishi kutoumwa. Mwaka 2020! Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ilikuwa na miaka 12 tayari.

Watu wa mbwa hawakungoja. Mwaka 2007 Dorothy Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua dodoso la maumivu lililotengenezwa kwa wagonjwa wa saratani, wakaligeuza kwa ajili ya mbwa. Anayejibu ni mtu anayeishi naye. Maumivu ya wiki iliyopita, kutoka sifuri mpaka kumi, yalikuwa makali kiasi gani? Yalimzuia kiasi gani kuamka, kutembea, kukimbia, kupanda ngazi? Hakuna eksirei. Na hii si njia ya kimaskini, maana eksirei yenyewe hudanganya: mbwa mwenye picha mbaya anaweza kutembea vizuri, na mwenye picha nzuri akalia usiku.

Kwa hiyo kipimo kipo Izimbya. Kipimo ni Babu, anayemwona Jeki kila siku tangu mwaka wa tetemeko. Nilikaa naye jioni moja tukaandika, kwenye daftari lake la kahawa, vitu ambavyo Jeki alikuwa akifanya na sasa hafanyi. Kuruka mfereji wa maji: aliacha masika yaliyopita. Kufukuza tumbili mpaka mwisho wa kibanja: anaishia katikati. Kulala barazani: amehamia kwenye vumbi laini chini ya mkahawa. Anajilamba goti lile lile mpaka manyoya yamebadilika rangi. Kucha za mguu wa kushoto nyuma ni ndefu kuliko za kulia, kwa sababu haukanyagi vya kutosha kuzisaga. Paja la kushoto ukilishika ni jembamba. Na mwezi mmoja kabla, binamu yangu mdogo alipomkumbatia kiunoni, Jeki alimgeukia na kumwonyesha meno.

Babu akatazama orodha. “Kumbe yote haya nilikuwa nayaona,” akasema.

Hilo la meno nataka tusimame nalo, maana ndilo lililomwita jirani na rungu. Mbwa mpole akibadilika kuwa mkali, mtu wa Kagera, na kwa haki kabisa, anawaza kichaa. Lakini saa za magonjwa haya mawili ni tofauti mno. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kinamuua mbwa ndani ya siku chache, kwa kawaida hazizidi kumi. Baridi yabisi inakuja kwa miezi na miaka, na mbwa hung'aka unapomgusa mahali panapouma, mahali pale pale. Usinielewe vibaya: ukiumwa na mbwa, yeyote, hata awe wako, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na uende hospitali upate chanjo. Usikae nyumbani ukipima kama ni magoti au ni kichaa. Mbwa aliyechanjwa naye afungwe na aangaliwe, si lazima auawe saa ile ile.

Sasa kile kidonge.

Watu walitafuna magome ya mti wa willow kwa maumivu tangu zamani. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini safi, dunia ikaimeza kwa miaka zaidi ya 70 bila kujua inafanyaje kazi. Aliyejua ni John Vane, Mwingereza, mwaka 1971: inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Alipata Tuzo ya Nobel 1982. Tatizo ni kwamba hizo hizo prostaglandini hulinda ukuta wa tumbo na husaidia damu kufika kwenye figo. Ukizizima kwenye goti, unazizima na tumboni. Ibuprofeni na diklofenaki ni watoto wa familia hiyo. Mtu anavistahimili vidonge hivi kwa kiasi kikubwa, mbwa hapana: dawa humkaa mwilini kwa namna tofauti, na dozi inayokutuliza wewe inaweza kumtoboa yeye tumbo.

Nilikuwa nimesoma hayo darasani, ukurasa mmoja, katikati ya kurasa mia za ng'ombe. Nikampa Jeki kidonge kimoja cha diklofenaki ndani ya kipande cha ndizi.

Siku ya kwanza alitembea vizuri, nikajipongeza. Nikampa cha pili. Siku ya tatu alitapika, na kinyesi chake kilikuwa cheusi kama lami, yaani damu iliyomeng'enywa. Babu hakusema kitu. Alikaa naye usiku kucha akimpa maji kwa kijiko, na mimi nikapiga simu kwa afisa mifugo, ambaye kesho yake alikuja kwa pikipiki mvuani. Aliniuliza swali moja tu: “Wewe si ndiye unayesoma haya mambo?”

Diklofenaki imewahi kufanya makubwa zaidi ya hayo. Miaka ya 1990 tai wala mizoga wa India na Pakistani walianza kuisha, spishi nyingine zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake walichapisha sababu: tai walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zilikufa. Mzoga mmoja ungeweza kuua kundi. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kidonge ni kile kile, kinachobadilika ni mwili unaokipokea.

Dawa za mbwa zipo. Kaprofeni iliidhinishwa kwa mbwa Marekani mwaka 1996, na meloksikamu, ambayo ndiyo afisa mifugo alimwanzishia Jeki wiki kadhaa baadaye tumbo lilipotulia, hutolewa kwa uzito wa mwili, tena kwa kiwango kidogo sana. Uzito tulipataje? Tulimtia Jeki kwenye gunia, kichwa nje, tukamtundika kwenye mizani ya kahawa: kilo 17. Hakufurahi. Jambo moja ambalo afisa alilirudia mara tatu: dawa hizi zisichanganywe na sindano za steroidi, ambazo vijijini huchomwa mbwa kwa kila ugonjwa. Mbili hizo kwa pamoja ndizo zinazotoboa matumbo. Na paka asiguswe kabisa na panado, hata kipande.

Kuna dawa mpya zaidi, kingamwili inayokamata kemikali iitwayo kipengele cha ukuaji wa neva, ambayo Rita Levi-Montalcini aliigundua na kupewa Nobel 1986. Ulaya waliiidhinisha kwa mbwa 2020, Marekani 2023, sindano moja kwa mwezi. Bei yake usiniulize.

Ila ukiondoa dawa, mengi yaliyobaki hayana bei. Tulimtandikia Jeki majani makavu ya migomba, mengi, chini ya paa, mahali pasipopita maji ya mvua. Tulimkata kucha. Tukaacha kumfunga kutwa nzima kwa kamba fupi, maana kiungo kisichotembea hukaza, na badala yake mdogo wangu akawa anatembea naye taratibu asubuhi na jioni, njia ya tambarare, akipunguza siku ambazo Jeki anavuta mguu. Mbwa mnene angepunguziwa chakula kwanza kabla ya lolote.

Tahadhari moja, na hii inanihusu mimi zaidi ya Babu. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha uchunguzi wa mbwa waliokuwa wakipewa dawa bandia. Mara nyingi wenye mbwa, na hata madaktari, walisema mbwa ana nafuu, wakati kipimo cha uzito unaowekwa kwenye mguu hakikuonyesha badiliko lolote. Tunaona tunachotamani. Ndiyo maana siku ile ya kwanza ya diklofenaki siwezi kukuhakikishia kama Jeki alitembea vizuri kweli au mimi ndiye niliyetembea vizuri. Babu anayaandika sasa, kila Jumapili baada ya misa, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la kahawa: ameamka kwa mara ngapi, amefika wapi, namba kutoka sifuri mpaka kumi.

Jirani alikuja wiki ile kama alivyoahidi. Alimkuta Jeki amelala kwenye majani ya migomba, Babu amekaa pembeni. Wakanywa rubisi, akaondoka na rungu lake.

Jumapili iliyopita Babu alipiga simu. Jeki alikuwa amemfukuza tumbili mpaka mwisho wa kibanja, mara ya kwanza mwaka huu, na tangu siku hiyo, siku mbili sasa, haamki mpaka ainuliwe. “Nimeandika saba,” akasema. “Nimfunge?”

Nikamwambia asimfunge. Apumzike leo na kesho kwenye majani, keshokutwa atembezwe hadi kwenye mkahawa tu na kurudi, na asiongezewe dawa mpaka afisa amwone. Nikasikia anaandika.